Huduma ya Kukagua na Kukata Mikaratusi Iliyougua, Chanika

Mwenye shamba dogo la miti pembezoni mwa Dar es Salaam hapati mtaalamu kwa urahisi, kwa kuwa Taasisi ya Utafiti wa Misitu (TAFORI) ina makao yake Morogoro, na mafundi wengi wa jijini wamezoea kuitwa kukata mti mmoja unaotishia paa la nyumba. Kwa sababu hiyo niliita kampuni moja binafsi ya huduma za miti ije kukagua ekari mbili za mikaratusi nilizo nazo Chanika, ambako ncha za miti zilikuwa zinakauka na magome kupasuka na kuvuja utomvu mwekundu.

Ukaguzi ndio ulioniridhisha zaidi. Fundi alibandua gome kwa kisu, kidogo kidogo, kuzunguka kidonda hadi ulipoonekana wazi mpaka kati ya sehemu ya kahawia iliyokwisha kufa na sehemu nyeupe iliyo hai, kisha akafuta kisu kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuugusa mti mwingine. Alieleza kwamba dalili zile ni za kuvu wa jamii ya Botryosphaeria, ambao huweza kukaa ndani ya mti wenye afya bila kuudhuru mpaka mti udhoofishwe na ukame au msongamano, na kwamba kupuliza dawa kwenye shina, kama alivyokuwa akinishawishi muuza pembejeo mmoja, hakuufikii ugonjwa uliokwisha kuingia ndani. Alishauri miti iliyoathirika iondolewe na iliyobaki ipewe nafasi, na kazi hiyo ifanyike kabla ya masika, kwa kuwa mvua husaidia kusambaza kuvu na jeraha bichi huwa ni njia rahisi ya kuingilia.

Mashaka yangu yapo kwenye utaratibu wa malipo. Ada ya ukaguzi ni shilingi 100,000, na hurudishwa yote iwapo mteja atawapa kazi ya kukata. Tena kampuni hiyohiyo ndiyo hununua mirunda inayopatikana. Siwatuhumu kwa udanganyifu, lakini anayeamua mti upi ni mgonjwa hapaswi kuwa ndiye anayefaidika ukianguka. Katika orodha yao ya kwanza ilikuwemo miti iliyonyooka vizuri, isiyo na kidonda chochote, na nilipohoji nikaambiwa inaondolewa ili kupunguza msongamano. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki kwa baadhi ya miti; iliyosalia niliikatalia. Ningemshauri yeyote atakayewatumia aweke mwenyewe alama ya rangi kwenye miti waliyokubaliana, na mirunda aipigie bei kwa mnunuzi mwingine kabla ya kusaini chochote.

Ukataji wenyewe ulikuwa wa kitaalamu kwa sehemu kubwa. Visiki viliachwa vifupi na kukatwa kwa mshazari ili maji yasituame juu yake, na gari halikupakiwa mpaka nilipoonyeshwa hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Hata hivyo, uangalifu ule wa spiriti haukuonekana kwenye misumeno ya mnyororo hadi nilipoukumbusha, na matawi yenye ugonjwa yalirundikwa mpakani mwa jirani ilhali makubaliano yalitaja usafi wa eneo. Kwao, inaelekea, kukusanya ndiko kusafisha. Nililazimika kulipa vibarua wengine wayafukie, kwani kuyachoma wakati wa kiangazi karibu na nyumba za watu ni hatari.

Ziara ya ufuatiliaji baada ya masika ilichelewa, ila ilifanyika bila malipo: fundi yuleyule alipunguza machipukizi, akaacha mawili au matatu yenye nguvu kwenye kila kisiki kizima, na kunitaka ning'oe visiki ambavyo machipukizi yake yalikuwa yameanza kunyauka.