goto-char au set-window-point: kusogeza kishale katika Emacs

Amri hizi mbili za Emacs, programu ya kuhariri maandishi, hupokea namba ya nafasi. Mwanzo wa bafa, yaani maandishi yaliyofunguliwa ndani ya Emacs, ni 1. goto-char husogeza kishale cha bafa inayotumika wakati huo, set-window-point husogeza cha dirisha (sehemu ya skrini inayoonyesha bafa) unalolitaja. Hapo ndipo wengi hukwama: bafa moja ikionekana kwenye madirisha mawili, kila dirisha hutunza nafasi yake. Ukiingia kwenye bafa kwa with-current-buffer kisha ukaita goto-char, dirisha ambalo halijachaguliwa halisogei hata kidogo, ingawa amri imefanya kazi sawasawa.

Kwa kuhariri kimyakimya napendelea goto-char ndani ya save-excursion, ambayo hurudisha kishale mahali pake. Mtumiaji akitakiwa kuona mabadiliko, set-window-point. Dirisha hupatikana kwa get-buffer-window. Bafa isipoonekana, jibu ni nil, yaani hakuna dirisha.