Mafiga matatu au jiko banifu?

Hapa Tabora bado wengi tunapikia mafiga matatu. Hayana gharama, na sufuria kubwa ya ugali wa msibani hukaa bila wasiwasi. Lakini moto uko wazi pande zote: upepo ukigeuka, cheche ziko kwenye khanga.

Jiko banifu la udongo lenye dohani hufungia moto ndani, hula kuni chache na kutoa moshi nje. Adui yake ni uvivu wetu. Langu lilianza kurudisha moshi jikoni. Nilipochokonoa dohani kwa fito, likiwa limepoa, masizi yalijaa karai. Siku hizi nalisafisha kila mwezi, nyufa naziba kwa udongo wa kichuguu, kuni mbichi sitii. Mimi nabaki na hili. Ila kulala na makaa chumbani, ya jiko lolote, sithubutu: ile hewa ya sumu haina harufu.