Grili ya kufunguka kwa ndani kwenye vyumba vya juu: uzoefu wangu, Njiro

Nyumba yetu ya Njiro, hapa Arusha, ni ghorofa moja na ina ngazi moja tu. Ngazi yenyewe inaanzia mlangoni mwa jiko, pale pale unapokaa mtungi wa gesi. Moto ukizuka pale chini, moshi unapanda kwa njia ileile ambayo watoto wangeshukia, na dirisha lenye nondo za kudumu haliwasaidii chochote. Ndiyo maana nikaagiza grili za kufunguka kwa fundi wa kuchomelea. Amenichaji 260,000 kwa dirisha, rangi ikiwemo. Za kawaida alikuwa ananifanyia 170,000.

Fundi mwenyewe hakuipenda kazi. "Mama, hapa mwizi atakushukuru." Hoja yake ina uzito, ila komeo likikaa ndani na kukingwa na kipande cha bati nene, mkono wa mtu aliyevunja kioo haulifikii. Hilo alilifanya vizuri sana, weldi safi, hakuna ncha ya kukata mtu.

Tulichogombania ni kufuli. Alileta grili ikiwa na pete ya kufuli, nikaikataa. Usiku, gizani, moshi umejaa chumbani, ufunguo utautafutia wapi? Kanuni za nyumba za Marekani haziruhusu: grili ya dirisha la kutokea lazima ifunguke kwa ndani bila ufunguo wala kifaa. Sasa ina bolti mbili za kuvuta, na mwanangu wa darasa la tatu anazifungua mwenyewe.

Halafu kuna vipimo, na hapa wenye madirisha ya alumini ya kusukuma nisikilizeni. Usipime fremu, pima nafasi inayobaki ukishalifungua. Dirisha la watoto lilikuwa na upana wa sentimita 90, lakini kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine, kwa hiyo unabaki na kama 40. Mwongozo wa Uingereza unataka upana na urefu usiopungua sentimita 45, na eneo lisilopungua mita za mraba 0.33, yaani ukibana upana hadi 45, urefu lazima ufike kama 74. Ukingo wa chini usizidi mita 1.1 kutoka sakafuni. Marekani ni wakali zaidi: kwa ghorofani wanataka mita za mraba 0.53. Letu lilifeli kote kote, grili ifunguke isifunguke. Nikalitoa, nikaweka la bawaba linalofunguka lote, na chini yake kuna paa la varanda, kwa hiyo mtoto haangukii kwenye zege.

Wavu wa mbu nao ulikuwa umekazwa kwa skrubu pande zote nne! Huo tumeubadilisha, sasa unateleza. Kitanda pia tumekisogeza, maana grili inafungukia ndani na ilikuwa inagonga godoro.

Nampa fundi nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa sababu masika yalipoanza tu bawaba za chini zikashika kutu na kuwa nzito kwa mikono ya mtoto. Alirudi bila kinyongo, akazikwangua, akapaka rangi ya kuzuia kutu ambayo ilitakiwa ipakwe kabla hajaleta kazi. Ukimpa mtu kazi hii, ikague rangi hiyo kabla hujamaliza kulipa.