Uzoefu wangu wa kumtafuta na kumlipa daktari wa naturopathi hapa Ontario, Kanada

Kwa miaka mitatu kipandauso kilikuwa kikinishika mara mbili au tatu kwa mwezi, na kila kiliponishika nililazimika kujifungia katika chumba chenye giza hadi siku ya pili. Daktari wangu wa familia, ambaye ninamheshimu sana, alinipa dawa za kutuliza maumivu na kunieleza kadiri dakika zake kumi zilivyomruhusu. Nilichokosa ni mtu wa kukaa nami na kuniuliza ninakula nini, ninalala saa ngapi, na zamu za usiku zinanifanyia nini. Ndipo nikaanza kumtafuta daktari wa naturopathi, yaani tiba inayotegemea lishe, virutubisho na njia nyingine za asili, na ninaandika haya kwa ajili ya wasemaji wenzangu wa Kiswahili walio Ontario, kwa kuwa fedha nilizopoteza nilizipoteza kwa kutojua tu.

Mara ya kwanza nilikwenda mahali nilipoelekezwa na mfanyakazi mwenzangu, kwa mtu aliyejiita mshauri wa afya ya asili. Kabla hajanisikiliza vya kutosha alinitaka nilipie kifurushi cha vikao kumi pamoja na kipimo cha damu cha dola 390, ambacho alisema kingeonyesha vyakula vyote ambavyo mwili wangu unavikataa. Kifurushi nilikikataa, lakini kipimo nilikilipia. Majibu yalikuja na orodha ndefu yenye mayai, maharage na ndizi ndani yake, nami nikaviacha vyote kwa wiki sita bila maumivu kupungua hata kidogo. Baadaye sana nilisoma kwamba chama cha Kanada cha madaktari wa mzio na kinga ya mwili kilikwisha kutoa msimamo mwaka 2012 wa kupinga kipimo hicho, ambacho hutafuta katika damu kingamwili zinazoitwa IgG, kwa sababu kuwapo kwa kingamwili hizo za chakula fulani huonyesha tu kwamba mtu amekuwa akila chakula hicho. Nilipopeleka risiti kwenye bima ya kazini ilirudishwa, maana aliyenihudumia hakuwa na namba ya usajili.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa zile dola 390. Tangu tarehe 1 Julai 2015, mtu haruhusiwi kujiita daktari wa naturopathi katika jimbo hili isipokuwa amesajiliwa na College of Naturopaths of Ontario, ambayo licha ya jina lake si chuo cha kufundishia bali ni chombo cha kusajili na kusimamia taaluma hiyo. Daftari lake la usajili liko wazi kwa kila mtu na halitozwi chochote. Ukiandika jina la daktari unaona kama usajili wake ni hai, kama amewekewa masharti au amewahi kuadhibiwa, na kama ametimiza kiwango kinachomruhusu kuandika dawa. Nilitumia jioni moja kulipitia, nikapata watatu walio karibu na nyumbani, nikawapigia simu wote kuuliza bei.

Niliyemchagua alitoza dola 220 kwa kikao cha kwanza cha dakika 75, kisha dola 125 kwa kila kikao cha nusu saa kilichofuata. OHIP, yaani bima ya afya ya serikali ya Ontario, hailipi hata senti moja ya fedha hizo. Bima yangu ya kazini hulipa asilimia 80 hadi kufikia dola 500 kwa mwaka, kwa hiyo kwa vikao vinne vilivyogharimu dola 595 mimi nilitoa dola 119. Someni kijitabu cha bima zenu kwa makini kabla ya kuweka miadi, kwa sababu bima ya dada yangu huweka naturopathi, ukandaji na tiba ya mgongo katika fungu moja, naye alikuwa amekwisha kulimaliza fungu hilo kwa ukandaji kabla ya mwezi Mei.

Gharama inayomshtua mtu haimo katika vikao, imo katika vipimo na virutubisho. Kipimo kinachoagizwa na daktari wa naturopathi hulipiwa na mgonjwa mwenyewe hata kama maabara ni ileile. Huyu daktari alinieleza hayo bila kuulizwa, akaandika barua kwa daktari wangu wa familia akimwomba aangalie akiba yangu ya madini ya chuma. Daktari wa familia alikubali, OHIP ikalipa, na akiba hiyo ikaonekana iko chini mno. Kwa moyo wangu wote ninasema kwamba barua ile ndiyo iliyonifanya nimwamini. Alinishauri pia magneziamu na riboflavini (vitamini B2) ya miligramu 400 kwa siku, akaniambia nizinunue popote nipendapo baada ya mfamasia kuhakikisha kwamba hazigongani na dawa zangu. Huduma yenyewe haina kodi ya mauzo iitwayo HST, lakini virutubisho hutozwa asilimia 13. Risiti za vikao huingia katika gharama za matibabu unapojaza fomu za kodi, iwapo jumla yake inazidi asilimia 3 ya mapato yako halisi, ilhali risiti za vitamini haziingii hata kama umeandikiwa.

Sasa kipandauso kinanijia takriban mara moja kwa wiki sita. Siwezi kuapa kwamba ni chuma, magneziamu au ratiba ya kulala tuliyoipanga pamoja, na yeye mwenyewe hakudai kujua. Mama yangu mdogo, ambaye hana bima ya kazini, ameanza kwenda kwenye kliniki ya mafunzo ya Canadian College of Naturopathic Medicine huko Toronto, ambako wanafunzi wa mwaka wa mwisho huhudumia wagonjwa chini ya usimamizi wa madaktari waliosajiliwa. Vikao vyake ni virefu na inambidi asubiri, lakini analipa pungufu ya nilivyolipa mimi.