Vibanio vitatu vya mipira ya maabara, baada ya mwaka mmoja wa kazi Mbeya

Mwezi wa pili mwaka jana shule yetu, iliyoko upande wa Uyole, ilinituma mjini kununua vibanio vya mipira, yaani ile mirija ya mpira inayopitisha maji na gesi, kwa ajili ya maabara ya kemia, kwa kuwa vile vya zamani vilikuwa vimeliwa na kutu kiasi kwamba wanafunzi walikuwa wakikunja mpira kwa vidole au kuufunga kwa kamba ya katani. Duka nililoingia liko karibu na Kabwe, ni dogo, lina bika na flaski upande mmoja na madaftari upande mwingine. Muuzaji aliniwekea mezani aina tatu, akasema, "Mwalimu, hivi vyote kazi yake ni moja, kubana tu, chukua cha bei unayoiweza." Nikachukua vyote vitatu, na mwaka mzima nimekuwa nikikumbuka kauli hiyo, kwa sababu si ya kweli. Katika maabara kufunga ni kazi moja, kupunguza ni kazi nyingine, na kuushikilia mtiririko pale pale ulipouweka kwa saa nzima ni kazi ya tatu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote.

Cha kwanza ni kibanio cha springi, nilichokinunua kwa shilingi 3,000. Ni waya mmoja wa chuma uliopindwa, wenye vibao viwili vidogo vya kuwekea kidole gumba na cha shahada. Ukivibonyeza kinafunguka, ukiviachia kinafunga chenyewe. Kinaitwa kwa jina la Mohr, mkemia Mjerumani wa karne ya 19, aliyekiweka chini ya bureti, mrija wa kioo wenye vipimo wa kudondoshea myeyusho, mahali ambapo wengine waliweka koki ya kioo ya kufungua na kufunga. Sababu ya kufanya hivyo bado ipo hadi leo: haidroksaidi ya sodiamu ikiachwa usiku kucha kwenye koki ya kioo, asubuhi koki huwa imeng'ang'ania, na anayelazimisha kuizungusha huibakiza nusu mkononi. Bureti yenye kipande cha mpira, ncha ya kioo na kibanio haina tatizo hilo, na kwa kidato cha nne, ambao wanapima asidi kwa alkali tangu Januari hadi mtihani, nimeona kifaa hiki kidogo kikiokoa bureti nyingi.

Hata hivyo kina masharti ambayo muuzaji hayajui. La kwanza ni kwamba pamanganeti ya potasiamu na myeyusho wa ayodini hushambulia mpira, kwa hiyo kidato cha sita wanapofika kwenye majaribio hayo lazima warudi kwenye bureti ya koki. La pili ni povu la hewa linalojificha ndani ya mpira chini ya kibanio: usipoinamisha ncha kuelekea juu na kuachia myeyusho utoke kwa kasi kabla ya kuanza, povu hilo litatoka katikati ya jaribio na kukupa jibu kubwa kuliko lilivyo. La tatu ni la kuudhi zaidi, kwani hata mwanafunzi mwangalifu hulisahau. Baada ya kusoma kipimo cha kwanza, kibanio hakitakiwi kusogezwa juu wala chini kwenye mpira, maana kukisogeza peke yake kunapandisha au kunashusha myeyusho ndani ya bureti. Nimewahi kumwona kijana mmoja akirudia jaribio mara nne akitafuta kosa kwenye pipeti, kumbe kosa liko kwenye vidole vyake.

Kwa kufunga na kufungua, basi, kibanio cha springi nakipa alama nzuri. Kwa kupunguza hakifai, kwa sababu kina hali mbili tu, na tone moja moja linapatikana pale ambapo mtu amesimama akikibonyeza. Vilevile, ule mng'ao wa kromu ambao duka liliusifu ulianza kubanduka ndani ya miezi mitano, ingawa sehemu ya lawama ni yangu, kwani nilivihifadhi katika kabati moja na asidi ya haidrokloriki, na mvuke wa asidi hiyo hausamehe chuma.

Cha pili, cha skrubu, ndicho ambacho kwa maoni yangu kilistahili fedha zote za safari ile. Nilikinunua kwa shilingi 7,000 kimoja, bei iliyomfanya mhasibu wetu aulize mara mbili. Ni fremu ndogo ya chuma yenye kibao kinachoshuka kadiri unavyozungusha skrubu, hivi kwamba mpira unabanwa taratibu kati ya kibao na sakafu ya fremu. Huitwa kwa jina la Hofmann, Mjerumani mwingine wa karne hiyo hiyo. Kuna maumbo mawili, na tofauti yake inafaa kuijua kabla ya kulipa. Lile lililofungwa pande zote hulazimu kupitisha ncha ya mpira ndani yake kabla ya kuunganisha chochote, wakati lile ambalo sakafu yake hufunguka kama mlango huvishwa katikati ya mpira huku maji yakiendelea kupita. Duka lilikuwa na la kwanza tu. Mara ya kwanza nilipolazimika kubomoa mtambo mzima wa ukenekaji (kuchemsha kimiminika na kuupoza mvuke wake) kwa sababu nilisahau kuvisha kibanio mwanzoni, niliapa kwamba safari ijayo nitasubiri lile la mlango hata kama litatoka Dar es Salaam.

Ubora wa kibanio cha skrubu uko kwenye meno yake. Katika mrija mwembamba na mrefu, maji yanayotiririka kwa utulivu hupungua kwa kasi ya kushangaza kipenyo kinapopungua: ukikipunguza kipenyo kuwa nusu huku kanieneo, yaani ile presha ya kila siku, ikibaki ile ile, mtiririko hubaki sehemu moja ya kumi na sita. Mpira uliobanwa si mrija wa duara wala si mrefu, na hesabu hiyo haiufuati kikamilifu, lakini mwelekeo ni huo huo. Ndiyo maana mizunguko mingi ya mwanzo haionyeshi mabadiliko yoyote, halafu robo ya mzunguko wa mwisho inageuza mkondo kuwa matone. Skrubu yenye meno mapana hurukia pengo hilo na kukuacha ukichagua kati ya mkondo na ukavu. Vibanio vyangu vina meno laini, na ninaweza kuweka matone arobaini kwa dakika kutoka kwenye chupa iliyoinuliwa, nikaenda kusahihisha madaftari. Ninaporudi matone huwa yamepungua kidogo, lakini hilo si kosa la kibanio: usawa wa maji ndani ya chupa umeshuka, na kila sentimita kumi za kimo cha maji ni takriban kilopaskali moja ya msukumo inayopotea.

Kazi kubwa nimekipa kwenye kondensa, bomba la kioo linalopoza mvuke kwa maji yanayopita kulizunguka. Maji ya shule yetu hutoka kwenye tangi la mnarani, na msukumo wake hubadilika kutwa nzima kutegemea kama mabweni yanafua au yamelala. Mwanzoni nilikiweka kibanio kwenye mpira wa kutolea maji, kwa hoja kwamba kondensa ibaki imejaa. Saa tisa alasiri, mabweni yalipofunga mabomba, msukumo wote wa tangi uliingia ndani ya kondensa iliyobanwa mdomo, mpira wa chini ukachomoka kwa kishindo, na daftari la mahudhurio likaoga. Mahali pake ni kwenye mpira wa kuingizia, ule wa chini, ili msukumo uishie kwenye kibanio kabla ya kufika kwenye kioo. Kondensa itajaa yenyewe kwa sababu maji yanaingia chini na kutokea juu.

Kazi ya pili ni kwenye uchujaji kwa faneli ya Buchner, faneli yenye sakafu ya matundu ambayo kimiminika hunyonywa kupitia karatasi yake kwa pampu ya maji ya bomba, ambapo kibanio hakiwekwi kwenye njia ya kunyonyea bali kwenye tawi la mrija wa umbo la T ulio wazi kwa hewa. Ukikaza, ombwe, yaani ukosefu wa hewa ndani ya flaski, linazidi. Ukilegeza, hewa inaingia na mvuto unapungua, na kazi ikiisha unakifungua kabisa kabla ya kufunga bomba ili maji ya pampu yasirudi kwenye flaski yenye mchujo wako. Hapa nyanda za juu udhibiti huo una maana ya pekee. Mbeya iko kwenye kimo cha takriban mita 1,700, ambapo kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 82 badala ya 101 za pwani, maji huchemka karibu nyuzi 94, na ethanoli huchemka takriban nyuzi 73. Anayechuja fuwele kutoka kwenye ethanoli yenye joto, akafuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya pwani na kunyonya kwa nguvu zote, ataona kimiminika kikichemka ndani ya flaski na fuwele zikiganda kwenye shingo ya faneli. Kwa kibanio cha skrubu kwenye tawi, nimepata kiwango ambacho karatasi inashikiliwa vizuri na mchujo unabaki mtulivu.

Kazi ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote, ni ukenekaji kwa mvuke wa majani ya mkaratusi ambayo kidato cha sita huyakusanya mabondeni. Kati ya chombo cha kuchemshia maji na flaski ya majani tunaweka mrija wa T wenye kipande cha mpira kinachoelekea chini. Kibanio huwa wazi mwanzoni ili maji ya mvuke uliopoa yadondoke nje, hukazwa mvuke unapokuwa mkavu, na hufunguliwa kabla ya kuondoa moto, la sivyo chombo kinapopoa hunyonya majani na mafuta kurudi nyuma. Huu ndio mtambo ambao wanafunzi wamejifunza kwamba kibanio si kizibo. Kamwe hatukazi njia zote za kutokea wakati moto unawaka, na chombo cha maji kina mrija mrefu wima, ulio wazi juu, ambao maji hupanda ndani yake iwapo njia imeziba. Tahadhari hiyo hiyo inahusu mtambo wa kaboni dayoksaidi wa mawe ya chokaa na asidi: ukibana mrija wa kutolea gesi, asidi itapanda kwenye faneli yenye shingo ndefu, na kupanda huko ndiko kunakokuonya; ukitumia kizibo kisicho na faneli hiyo, kizibo ndicho kitakachoruka.

Cha tatu, cha plastiki chenye meno ya kukwama kama mkanda, cha shilingi 1,500, sina mengi ya kukisema. Hufunga vizuri mpira wa maji machafu, lakini kati ya jino moja na jingine mtiririko unaruka, na viwili kati ya sita vilipasuka kwenye bawaba kabla ya likizo ya Juni. Kwa bei hiyo, ni afadhali kwenda duka la dawa na kununua seti ya dripu, ambayo gurudumu lake dogo hupunguza matone kwa ulaini zaidi. Tatizo la dripu ni kwamba plastiki ya mrija wake huendelea kujinyoosha chini ya gurudumu, hivyo matone uliyoyahesabu mwanzoni si yale utakayoyakuta baada ya nusu saa.

Jambo ambalo duka halikuniambia, na ambalo lingeniokolea wiki mbili za kulaumu skrubu, ni kwamba kibanio ni nusu tu ya kifaa. Nusu nyingine ni mpira. Mpira mgumu wenye ukuta mnene wa kunyonyea ombwe haubaniki vizuri kwa kibanio chochote kati ya hivi, ilhali mpira laini wa ukuta mwembamba hubanika lakini hujibana wenyewe hewa inaponyonywa. Mpira wa asili ulioachwa umebanwa mwezi mzima huchukua umbo la kibanio na kutoa nyufa mahali hapo hapo, kwa hiyo sasa tunalegeza vyote kila Ijumaa kabla ya kufunga maabara, na tunapoanza tena Jumatatu tunakisogeza kibanio sentimita mbili.

Kuhusu duka lenyewe, muuzaji ni mstaarabu, alinipa risiti bila kuombwa na alikubali kubadilisha kibanio kimoja cha skrubu ambacho meno yake yalikuwa yameharibika. Nimerudi mwezi uliopita, nikamwonyesha kwa mchoro kibanio cha skrubu chenye sakafu ya kufunguka, naye ameandika oda ya dazeni moja, sita zikiwa zangu. Vile vya plastiki bado vimejaa kwenye rafu ya mbele, pembeni ya madaftari.