Zotero kwa anayeandaa pendekezo la insha ndefu ya utafiti

Wanafunzi wengi husikia habari za Zotero, programu ya kukusanya na kupanga vyanzo, siku ya kupanga orodha ya marejeo, insha ikiwa imeshaandikwa na vyanzo vimetawanyika kwenye simu, barua pepe na vichupo vya kivinjari. Hata hapo inasaidia. Lakini kazi yake bora iko mapema zaidi, wakati wa kuandaa pendekezo, kwa sababu ikipangwa vizuri hukuonyesha kama swali lako lina vyanzo vya kutosha kulijibu kabla msimamizi hajakuuliza.

Programu ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006. Kuna toleo la Windows, la macOS na la Linux. Unasakinisha vitu viwili: programu yenyewe, na kiendelezi cha kivinjari kinachonasa taarifa za makala unayoisoma mtandaoni. Akaunti inahitajika tu ukitaka kazi yako ionekane kwenye kompyuta zaidi ya moja.

Kwa nini hatua ya pendekezo inahitaji chombo cha aina hii? Angalia hesabu. Extended Essay, insha ndefu ya utafiti katika programu ya sekondari ya International Baccalaureate, ina kikomo cha maneno 4,000, mwanafunzi anatarajiwa kuifanyia kazi kwa takriban saa 40, na msimamizi humpa saa 3 hadi 5 tu. Insha ya AP Research, kozi ya utafiti ya sekondari ya taasisi ya Marekani ya College Board, ni maneno 4,000 hadi 5,000. Ukitoa utangulizi na hitimisho, swali lenye maswali madogo matatu linabakiwa na maneno kama 1,000 kwa kila moja. Nafasi hiyo haitoshi kurekebisha swali lililokuwa pana mno tangu mwanzo, na saa za msimamizi zikiishia kwenye kulipunguza swali, hazibaki za kujadili hoja.

Mpangilio unaofaa ni huu. Tengeneza folda moja ya insha, kisha ndani yake folda ndogo moja kwa kila swali dogo, si kwa kila aina ya chanzo. Folda za “vitabu”, “makala” na “tovuti” zinapendeza kwa macho lakini hazikuambii chochote kuhusu hoja. Chukua swali hili: kiwango cha chumvi kwenye maji kinaathiri vipi uotaji wa mbegu za maharage? Folda zake ndogo zingekuwa: chumvi inavyozuia mbegu kunyonya maji, namna uotaji unavyopimwa, viwango vya chumvi vilivyotumiwa na watafiti wengine, na matokeo yanayopingana. Makala moja inaweza kukaa kwenye folda mbili au tatu bila kunakiliwa. Ukiichagua na kushikilia kitufe cha Ctrl kwenye Windows, au Option kwenye Mac, folda zote ilimo zinang’aa.

Sasa tazama folda ipi imebaki tupu. Folda ya viwango ikiwa na makala sita na ya matokeo yanayopingana haina hata moja, ama hujatafuta vya kutosha au swali lina jibu ambalo kila mtu anakubaliana nalo, na insha itakuwa maelezo matupu. Folda yenye chanzo kimoja nayo ni onyo: swali dogo hilo lifutwe, liunganishwe na jingine, au libadilishwe. Kufanya hivyo kabla ya kuandika ni suala la dakika chache.

Lebo za rangi ndizo silaha ya pili. Zotero inaruhusu lebo 9 zenye rangi, kila moja ikiwa na namba yake kwenye kibodi. Ukichagua makala na kubonyeza 1, lebo ya kwanza inabandikwa. Tatu zinatosha: “nakala nzima haijapatikana”, “muhtasari tu umesomwa” na “msingi”. Ya pili ndiyo inayofichua udhaifu wa mapendekezo mengi. Muhtasari wa makala hueleza matokeo, lakini mara nyingi hautaji mbegu ngapi zilitumika kwa kila kiwango, wala uotaji ulihesabiwa kuanzia wapi, kwa mfano mzizi mchanga ukishatokeza milimita 2. Pendekezo lililojengwa juu ya mihtasari huwa na sehemu ya mbinu inayosema “nitatumia chumvi kidogo, ya wastani na nyingi”, na msimamizi makini atalirudisha hapo hapo.

Tangu toleo la 6 la mwaka 2022, PDF zinasomwa na kupigiwa mstari ndani ya programu yenyewe. Toleo la 7 la mwaka 2024 liliongeza EPUB (muundo wa vitabu vya kielektroniki) na kurasa za wavuti zilizohifadhiwa. Tenga rangi moja kwa mbinu na nyingine kwa hoja, kisha tumia amri ya kuunda noti kutokana na alama ulizoweka. Unapata dondoo zote pamoja, kila moja ikiwa na namba ya ukurasa na kiungo cha kukurudisha mahali ilipotoka. Linganisha namba hizo na zile zilizochapwa kwenye ukurasa, hasa kwa nakala zilizoskaniwa. Kwenye noti hiyo hiyo andika vipimo kwa kizio kimoja. Makala moja itataja milimoli 100 kwa lita, nyingine gramu kwa lita. Kwa chumvi ya kawaida, milimoli 100 ni gramu 5.84. Asiyebadilisha vizio mapema hugundua kwenye maabara kwamba viwango viwili alivyopanga kulinganisha ni kimoja.

Siku ya kukutana na msimamizi, bonyeza kulia kwenye folda na uchague amri ya kutoa ripoti. Inatoka orodha ya vyanzo pamoja na noti zake, tayari kuchapwa. Ndani ya pendekezo lenyewe, chagua vyanzo vitano hadi nane vya msingi na uagize orodha ya marejeo kwa mtindo unaotakiwa na shule, iwe APA, MLA au Chicago.

Taarifa zinazonaswa ndiyo sehemu dhaifu, na hapa sifa nyingi mtandaoni zimetiwa chumvi. Kiendelezi huchukua kile tovuti inachokitoa, hata kikiwa kibovu. Nasa makala kutoka ukurasa wenye muhtasari wake, si kutoka PDF iliyofunguka. Ukinasa PDF, programu inalazimika kubahatisha kutokana na maandishi yaliyomo, na kama ni ukurasa ulioskaniwa bila maandishi yanayosomeka, unabaki na faili lisilo na mwandishi wala mwaka. Kama una ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu) au DOI (ya makala), bonyeza alama ya fimbo na uibandike hapo; mara nyingi matokeo ni safi zaidi. Mwandishi akiwa taasisi, badilisha sehemu ya jina iwe moja badala ya mbili, la sivyo Shirika la Afya Duniani litageuka mtu mwenye jina la ukoo “Duniani”. Vichwa vya makala za Kiingereza vihifadhi kwa herufi ndogo isipokuwa neno la kwanza na majina maalumu: programu inaweza kuzikuza herufi mtindo ukihitaji, lakini haiwezi kujua ipi irudishwe kuwa ndogo. Nakala mbili za chanzo kimoja huunganishwa kwa urahisi, mradi zote ziwe za aina moja. Moja ikiwa “makala ya jarida” na nyingine “ukurasa wa wavuti”, sahihisha aina kwanza.

Hifadhi ya bure ya mafaili mtandaoni ni MB 300, na GB 2 ni dola 20 za Marekani kwa mwaka. Kwa insha moja MB 300 zinatosha usipohifadhi vitabu vizima vilivyoskaniwa. Zikijaa, zima usawazishaji wa mafaili tu. Taarifa za vyanzo na noti zinaendelea kusawazishwa bila malipo. Usijaribu kukwepa kikomo hicho kwa kuhamishia folda ya data ya Zotero ndani ya Dropbox au huduma kama hiyo, maana hifadhidata inaweza kuharibika.

Mendeley, programu ya aina hiyo hiyo ya kampuni ya uchapishaji Elsevier, inatoa GB 2 bure na inafaa kwa anayesoma PDF tu. Kompyuta za shule zikikataza kusakinisha programu, ZoteroBib hutengeneza marejeo ndani ya kivinjari bila akaunti, ila haina folda, kwa hiyo kwa kazi ya kupima swali haifai. Na pendekezo lenye vyanzo vinne tu halihitaji lolote kati ya haya. Jedwali la kawaida linatosha, la safu tatu: chanzo, swali dogo, mbinu.

Anayeandika kwenye Google Docs awe mwangalifu zaidi. Huko marejeo hukaa kama viungo vinavyoitegemea Zotero. Kabla ya kuwasilisha au kupakua faili la Word, tengeneza nakala ya hati, kisha ukate viungo, yaani uyageuze marejeo kuwa maandishi ya kawaida, kwenye nakala hiyo peke yake. Ukivikata kwenye hati ya asili, kila marekebisho ya mtindo baada ya hapo utayafanya kwa mkono.