Uwanja wa ndege wa Tribhuvan, Kathmandu: kaa dirishani kushoto
Nyota 4. Jamani ukienda Nepal kutokea Doha au Delhi omba siti ya dirishani upande wa kushoto, kukiwa hakuna mawingu unaiona Himalaya iko sawa na macho yako kabisa, mimi chai ilinipoa mkononi nimeduwaa tu. Uwanja wenyewe hauna mbwembwe, jengo la matofali mekundu, njia ya kurukia ni moja, uko bondeni ila ni mita kama 1,300 juu ya usawa wa bahari na milima imeuzunguka pande zote. Viza unapewa palepale, dola 30 siku 15, dola 50 siku 30, beba keshi. Halafu saa zao wametuzidi masaa 2 na dakika 45, hizo 45 zilinivuruga kinoma!